Fundi Cheche, aliyeifumua ndege ya kaka yake na kuifunga waya upya

Saa moja asubuhi, na sehemu pekee ya Fundi Cheche inayoonekana ni miguu. Soksi moja ya bluu, nyingine ya kijivu, zinachungulia kwenye mlango mdogo wa ndege ambayo haijawahi kuruka. Mwili wake wote uliobaki umelala chali ndani, kichwa kikiwa chini ya dashibodi na taa ndogo imefungwa kwenye paji la uso.

Viatu ameviacha nje. Mwenye ndege ni seremala, na seremala huyu hataki mtu akanyage plaiwudi yake na viatu, hata kama mtu huyo ni dada yake wa kuzaliwa naye tumbo moja.

Anashika waya mmoja kwa vidole viwili na kuuvuta. Haujatoka. Anaguna kwa kuridhika, kama mtu aliyeonja chai akaikuta ina sukari ya kutosha, kisha anahamia wa pili. Kazi hii aliifanya jana, na juzi pia aliifanya.

"Waya hauaminiki kwa macho," anasema kutoka huko chini. "Unaweza kuutazama ukaona umependeza, kumbe umeshikilia kwa adabu tu. Lazima uuvute."

Leo anakuja mkaguzi wa ndege. Akiridhika, ndege hii ya viti viwili itapewa kibali cha kutoka bandani kwenda uwanjani kujaribiwa angani. Asiporidhika, itabaki kuwa kabati kubwa kuliko yote ambayo kaka yake amewahi kutengeneza.

Lakini kwa Fundi Cheche, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, kuna jambo zaidi ya kibali. Mara ya mwisho injini hii kuwashwa, waya alizofunga yeye nusura zimtoe kaka yake roho.

Banda lenyewe liko nyuma ya nyumba ya mama yao. Paa ni la bati, sakafu imejaa randa za mbao, na harufu ya gundi inakupokea kabla hujafika mlangoni. Bawa moja la ndege limeegemea ukuta. Pembeni yake kuna milango mitatu ya wateja inayongoja kupakwa rangi, imejipanga kwa heshima kama wageni waliofika mapema.

Kaka mtu anaitwa Kapteni. Jina hilo alibandikwa kwa kejeli na wateja ambao samani zao zilichelewa tangu alipoanza kujenga ndege, miaka tisa iliyopita. "Kapteni, kitanda changu kitatua lini?" walikuwa wakimuuliza. Yeye akacheka nao, akaendelea kupiga randa, na jina likamganda.

Kurusha ndege amejifunza kihalali. Klabu moja ya marubani ilikuwa na milango iliyoliwa na mchwa na paa linalovuja, na yeye alikuwa na mikono. Akawatengenezea, wakamfundisha. Leseni yake ya urubani imetundikwa ukutani bandani, kwenye fremu aliyoichonga mwenyewe, na fremu hiyo ni nzuri kuliko leseni.

"Mbao naziweza," anasema Kapteni, mwanamume mwembamba mwenye penseli sikioni. "Kitambaa cha mabawa nilifundishwa. Injini tuliinunua ikiwa imetumika, wakaja mafundi wa klabu wakaifunga. Lakini umeme mimi ni mbumbumbu. Hata redio ya mama nikiigusa inanyamaza. Sasa, nina dada fundi umeme, nimtafute nani tena?"

Dada huyo anajulikana mtaa mzima. Gereji yake iko kando ya barabara, katikati ya muuza matairi na mpaka rangi, na kazi yake ni umeme wa magari: staata, taa, honi, jenereta. Siku nzuri anapata magari manne. Siku mbaya anapata stori tu.

Wengi hudhani jina la Cheche limetokana na cheche za umeme. Madereva wanajua zaidi. Limetokana na ulimi wake. Dereva akileta gari ambalo ameshalichokonoa mwenyewe kwa bisibisi na sasa anamlaumu fundi, huondoka hapo gari limepona na yeye mwenyewe anauguza masikio.

Ufundi hakuupata kwa kufundishwa. Akiwa msichana aliajiriwa kufagia kwenye karakana ya fundi mmoja mchoyo wa maarifa, ambaye kila akikaribia kufungua kitu alimtuma binti huyu dukani. Lakini takataka alizifagia yeye. Akawa anaziokota rilei mbovu kutoka kwenye pipa, anakwenda nazo nyumbani, anazifungua kwa kisu cha jikoni.

"Rilei mbovu ndizo zilizonisomesha," anasema. "Na kisu cha mama. Kikavunjika ncha. Mpaka leo ananidai."

Anapoulizwa rilei ni nini, anajitoa chini ya dashibodi, anakaa, na kujifuta mikono kwenye suruali. Ni swali analolipenda.

"Mpe mtoto mdogo gunia abebe. Hawezi. Lakini anaweza kukimbia akamwite mjomba wake, mjomba akaja akalibeba. Sasa, swichi hii unayobonyeza kwa kidole ni mtoto. Umeme wa kuzungusha injini ni gunia. Ukimbebesha mtoto gunia lile ataungua. Kwa hiyo tunaweka rilei. Swichi inaita tu, rilei inabeba. Na ikibeba inaitika. Sikiliza."

Anabonyeza swichi. Ndani ya kiboksi kidogo cheusi kunasikika tak!

"Ameitika," anasema, na uso wake mzima unang'aa.

Ndege hii ina rilei nne, na kila moja ameipa jina la ukoo, ameliandika kwa rangi nyeupe juu ya swichi yake. Ya kuruhusu umeme kutoka kwenye betri ni MAMA, kwa sababu bila yeye hakuna anayefanya lolote. Ya staata ni SHANGAZI, maana akiitwa nyumba nzima inasikia. Ya pampu ya mafuta ni MJOMBA, mchapakazi asiye na maneno. Na ya taa za kutua ni SHEMEJI, ambaye huonekana siku ya shughuli tu.

Mkaguzi alipoyasoma majina hayo katika ziara yake ya kwanza, alisema yanaweza kubaki, ila chini yake yaandikwe na yale ya kueleweka.

Ziara hiyo ilikuja baada ya siku ambayo familia hii inaiita kwa kifupi "siku ya moshi". Anapoieleza, Fundi Cheche anashusha sauti. Hatafuni maneno wala hatafuti wa kumsingizia.

"Mazoea yana taabu," anaanza. "Nimefunga magari maisha yangu yote. Nikaitazama ndege nikasema, hiki ni kigari chenye mabawa. Nikaifunga kama gari."

Umeme, anafafanua, ukitoka kwenye betri na kufanya kazi yake, ni lazima upate njia ya kurudi kwenye betri. Katika gari hakuna shida, kwa sababu mwili mzima wa gari ni chuma. Fundi anapeleka waya mmoja tu kwenye taa, na wa pili anaubana kwenye chuma chochote kilicho karibu. Umeme unarudi kwa kupitia bodi. Njia hiyo mafundi huiita ethi, na fundi wa magari huifunga bila hata kufikiri, kama mtu anavyovua kofia akiingia ndani.

Ndege ya Kapteni ni ya plaiwudi na kitambaa. Bodi yake hairudishi chochote.

"Nilijua ni ya mbao. Nimemwona kaka yangu akiipiga randa miaka yote hiyo!" anasema Fundi Cheche, na kujipiga kiganja kwenye paja. "Lakini mikono haikujua. Dashibodi ni bati la alumini, mikono ikaona chuma, ikabana ethi zote pale. Nikawasha. Kila kitu kikafanya kazi. Taa zikawaka, rilei zikaitika. Hapo ndipo nilipoingia mkenge. Kama kingegoma kitu kimoja ningejiuliza."

Vilifanya kazi kwa sababu umeme ni mjanja. Ulitafuta njia ya kurudi, ukaipata mahali ambapo hakuna mtu aliyepatarajia. Kati ya dashibodi na injini kulikuwa na chuma kimoja tu kilichounganisha: kebo nyembamba ya eksileta, ambayo rubani huivuta na kuisukuma kuongeza au kupunguza nguvu ya injini. Umeme wote wa dashibodi ukawa unarudi kwa kupitia kebo hiyo.

Injini ilipowashwa kwa majaribio, ndege ikiwa imefungwa kwa kamba kwenye nguzo mbili uani, hakukuwa na tatizo. Kapteni akawasha pampu. Akawasha taa. Akaongeza mafuta ili aone nguvu ya injini. Kebo ikapata moto, plastiki iliyo ndani yake ikayeyuka, kebo ikagandia hapohapo.

"Navuta kupunguza, hairudi," anasimulia Kapteni. "Injini inanguruma, pangaboi linazunguka kwa nguvu zote, kamba zimekaza mpaka zinalia, na moshi unatoka magotini kwangu. Nikazima injini kwa swichi yake. Ikazimika. Basi. Nikatoka nikikohoa."

Yeye anaimaliza hivyo, kwa mkato. Dada yake ndiye anayeimalizia.

"Kuzima injini uani ni sawa, unashuka unakunywa maji. Angekuwa juu, je? Angeizima ashukie wapi?"

Mama yao, mwanamke wa miaka themanini kasoro, alikuwa mlangoni pa jikoni siku hiyo na aliona kila kitu. Alimtazama mwanawe akitoka katika moshi, amejiziba pua kwa shati, kisha akamgeukia binti yake.

"Kaka yako ni mjinga tangu utotoni, hilo nalijua," alimwambia. "Wewe nilidhani una akili. Nimezaa wawili tu. Wawili."

Kisha akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakutia mguu bandani, ingawa banda liko hatua chache kutoka jikoni kwake. Chakula cha Kapteni alikiweka kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni na kuita mara moja.

Fundi Cheche naye akaenda kwake na hakurudi. Gereji alifungua kama kawaida, lakini ulimi ulipoa. Madereva wakaanza kuulizana kama anaumwa. Mume wake, ambaye ni mwashi, anasema usiku alikuwa akimwona mkewe ameketi kitandani, vidole vinavuta uzi wa shuka mmoja mmoja.

"Kosa la gari linasimamisha gari," anasema Fundi Cheche. "Unashuka, unasukuma, unanitukana, yanaisha. Sikuwahi kufanya kosa ambalo lingemwachia mama mtoto mmoja. Nikasema, mikono hii si ya ndege. Kaka atafute fundi mwingine."

Kaka hakutafuta. Alikwenda gerejini mara ya kwanza, dada akajifanya ana kazi nyingi. Akaenda mara ya pili, akaambiwa hayupo, na huku anaziona soksi zake chini ya gari. Mara ya tatu akachukua kigoda, akaketi kando ya hilo gari na kuzungumza na soksi.

"Nilimwambia, dada, unalikumbuka bawa la kwanza?" anasema Kapteni. "Nililijenga mwaka mzima. Nilipomaliza nikagundua mbavu zake zote nimezigundisha kichwa chini miguu juu. Ningeruka nalo lingenipeleka ardhini. Nikalikata kwa msumeno. Mama alilitumia kuchemshia maji ya kuoga wiki nzima. Hakuna aliyeniambia mikono yangu si ya ndege. Wewe mwenyewe ulioga."

 Kisha soksi zikatikisika, na Kapteni akajua dada yake anacheka, au analia. Dada mwenyewe anakiri kwamba ilikuwa yote mawili.

Jumapili iliyofuata alirudi bandani. Akakuta koleo lake liko palepale alipolitupa siku ya moshi, juu ya kiti cha rubani. Kaka yake alikuwa akifuta vumbi kila wiki na kulizunguka bila kuligusa.

"Sikutaka kulisogeza," anasema Kapteni. "Lina mwenyewe."

Fundi Cheche hakurekebisha waya hata mmoja. Alifumua zote. Dashibodi ikabaki bati tupu lenye matundu, na yeye akaanza upya kama mwanafunzi. Safari hii alikwenda kuuliza. Fundi wa klabu ya marubani alimwonyesha jinsi ndege za mbao zinavyofungwa: kila waya unaokwenda una mwenzake wa kurudi, na hao wa kurudi wote hukutana kwenye kipande kimoja cha shaba, na kutoka hapo waya mmoja mnene unarudi kwenye betri.

"Kuuliza si ujinga, tunaimba tangu shule," anasema. "Lakini ukishaitwa fundi kwa miaka thelathini, mdomo unakuwa mzito. Nilikwenda nimevaa nguo nzuri, kama naenda posa. Nikasema, naomba mnifundishe. Wakanipa kiti na chai."

Waya za kurudi amezivika mpira wa kijani, ili mikono isije ikasahau tena. Ukichungulia chini ya dashibodi unaona kijani tele, na zote zinaelekea sehemu moja, kama watoto walioitiwa chakula.

Saa tatu, mkaguzi anafika. Ni mwanamume mrefu, mpole, anayetembea na kitambaa cha kujifutia mikono begani. Anasalimia, anavua viatu bila kuambiwa, kama alivyofanya ziara ya kwanza, na Kapteni anazidi kumpenda.

Anaingia chini ya dashibodi. Sasa miguu inayoonekana ni ya kwake, na Fundi Cheche amesimama nje, mikono imefungwa kifuani, akihesabu kwa midomo kila waya unaovutwa.

Halafu kunasikika sauti ndogo ya kuteleza. Mkaguzi anajitoa polepole. Mkononi ameshika ncha ya waya. Kile kichwa chake cha chuma, ambacho hubanwa kwa koleo ili waya ufungiwe kwenye swichi, kimebaki peke yake kule ndani.

"Wa taa za kutua," anasema. "Umetoka."

 Kapteni anaitoa penseli sikioni, anaitazama, anairudisha. Fundi Cheche anaupokea waya ule na kuugeuzageuza mwangani. Uso wake umebadilika rangi. Uani, kuku anachakura chakula chake na kurushia mchanga ukuta wa banda.

"Huu niliuvuta jana," anasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Na leo asubuhi."

"Ndiyo maana tunavuta kila siku," anajibu mkaguzi. Hana ukali. "Ubane upya tu, tuendelee."

Fundi Cheche anakichomoa kile kichwa cha waya na kukibana kati ya kidole na kidole. Kinapinda. Chuma chake ni laini mno. Anakwenda kwenye boksi lake la vifaa, anatoa pakiti na kuitazama.

"Mzee, vichwa hivi ni vya pakiti mpya niliyonunua vya zamani vilipoisha. Nimevitumia kwenye waya zote za taa na za pampu. Naomba nivitoe vyote."

"Ni kimoja tu kilichotoka, fundi. Vingine nimevivuta, vimeshika."

"Nimesikia, mzee. Nitavitoa vyote."

"Itachukua muda. Nina safari."

"Basi nenda, mzee, utarudi siku nyingine," anasema, na koleo tayari liko mkononi. "Mimi sifungi ndege kwa chuma hiki. Mara ya kwanza kila kitu kilifanya kazi, na nusura nimzike kaka yangu."

 Kapteni amengoja siku hii kwa miaka tisa. Ukimtazama unaiona miaka hiyo yote ikimpita usoni. Halafu anakwenda kwenye milango ya wateja, anachukua brashi, na kuanza kupaka rangi mlango wa kwanza.

Mkaguzi anamtazama dada, anamtazama kaka. Anajifuta mikono.

"Kuna mahali pa kukaa?" anauliza.

Na hapo ndipo mama yao anapotokea. Anakuja kutoka jikoni, kigoda mkono mmoja, birika la chai mkono wa pili, kanga imefungwa kiunoni. Anafika kwenye mlango wa banda, anasimama kidogo, kisha anaingia. Kapteni anaacha brashi ikidondosha rangi sakafuni.

"Nasikia mgeni hana pa kukaa," anasema. Anamwekea mkaguzi kigoda, anammiminia chai, na yeye anaketi juu ya rundo la mbao. Hamwangalii mwanawe wala binti yake. "Endeleeni. Mnangoja nini?"

Saa saba mchana kazi inakwisha. Vichwa vyote vya pakiti ile vimo kwenye kopo la takataka, na vipya, vigumu, vimebanwa. Fundi Cheche anavuta kila waya. Mkaguzi anavuta kila waya. Kisha Kapteni, ambaye ni mbumbumbu wa umeme, anaomba naye avute.

Ndege inasukumwa uani na kufungwa kwa kamba kwenye nguzo zilezile. Kapteni anaketi kwenye kiti chake. Dada yake anasimama mlangoni mwa ndege, kwa sababu amekataa kusimama mbali.

"Mama," anasema Kapteni kwa sauti, kama sheria inavyotaka atangaze kila anachogusa. Tak. "Mjomba." Tak. Pampu inaanza kunong'ona. "Shangazi!"

Tak! Pangaboi linazunguka mara moja, linasita, linazunguka tena, na injini inanguruma. Randa za mbao zinaruka uani kote. Kuku anatoweka.

Mkaguzi anaashiria kwa mkono: washa vyote. Shemeji naye anaitwa, na taa za kutua zinawaka mchana kweupe. Anaashiria tena: ongeza mafuta. Kamba zinakaza. Mama yao amejishika kichwa kwa mikono miwili, lakini macho ameyakodoa.

Dakika zinapita. Mkaguzi anamsogelea Fundi Cheche, anamwonyesha kwa kidole mahali pa kushika. Fundi Cheche anapenyeza mkono chini ya dashibodi, anaitafuta kebo ya eksileta, na kuifumbata yote kwa kiganja kitupu.

Anakaa hivyo. Kisha anamgeukia kaka yake na kupaza sauti juu ya mngurumo. "Ya baridi! Kaka, ni ya baridi!"

Kapteni anavuta kupunguza mafuta. Injini inatii, inashuka, inatulia kama mtu aliyeombwa asiseme sana. Anaongeza, inapanda. Anavuta, inarudi. Anavuta tena, na tena, mpaka mkaguzi anacheka na kumwashiria yatosha.

Injini inapozimwa, Fundi Cheche bado ameishikilia ile kebo. Machozi yanamtoka na hayafuti. "Imerudi," anasema, na anairudia mara kadhaa.

Mkaguzi anavaa viatu vyake na kutia sahihi kibali juu ya meza ya seremala. Kabla ya kuondoka anampa mkono Fundi Cheche. "Waya uliotoka ungeweza kunifanya niwakatalie," anamwambia. "Vile vichwa ulivyovitoa mwenyewe ndivyo vilivyonifanya nikubali."

Uani inabaki familia. Mama anaizunguka ndege, anaigusa hapa na pale kama mtu anayechagua kitambaa sokoni. Anachungulia ndani.

"Nasikia na mimi nimo humu. Ni ipi?"

Binti yake anamwonyesha swichi yenye jina lake. Anamweleza kwamba Mama ndiye anayewashwa wa kwanza kabla ya wote, na wa mwisho kuzimwa, wote wakishamaliza shughuli zao.

"Ndivyo nilivyoishi," anasema mama, na kuizima mwenyewe. Tak.

Wiki ijayo ndege itabebwa kwenye lori hadi uwanjani, na Kapteni ataruka. Kwa mujibu wa kibali ataruka peke yake kwanza, mpaka atimize saa zinazotakiwa. Baada ya hapo anaruhusiwa kubeba abiria katika kiti cha pili, na abiria huyo ameshajulikana.

Ni mtu ambaye nyumbani kwake taa ya darini ikiungua hubadilishwa na mume, kwa sababu fundi umeme mwenyewe anaogopa ngazi.

"Naogopa sana," anakiri Fundi Cheche. "Nikipanda kiti tu namwita mume wangu anishike. Lakini nimeshakata shauri. Siku hiyo nitaketi pale, mkono wangu kwenye ile kebo, na tutapita juu ya gereji yangu. Nataka madereva wote wanione. Na yule muuza matairi aliyeniambia niachane na ndege za watu, namtaka awe wa kwanza kutazama juu."

Mama amesikia. Anawatazama watoto wake kwa zamu.

"Nimezaa wawili tu," anasema. Ni maneno yaleyale ya siku ya moshi, lakini hasira haimo tena. "Na wote wawili mtakuwa humu."

"Ndiyo, mama," anajibu Kapteni.

"Na mimi nitakaa wapi nikiwangoja?"

"Uwanjani kuna benchi, mama."

"Benchi za watu sizijui. Nitakuja na kigoda changu." Anakiokota kigoda, anapiga hatua mbili kuelekea jikoni, kisha anageuka. "Wewe. Hizo waya zako za kijani, za kurudi. Umezivuta zote?"

"Zote, mama. Hata mkaguzi amezivuta."

"Mkaguzi hana mtoto humo. Kazivute tena."

Fundi Cheche anamtazama kaka yake. Kaka yake anaitoa penseli sikioni na kuitazama. Kisha Fundi Cheche anavua viatu, anavipanga kando ya gurudumu, na kuingia. Baada ya muda mfupi zinazoonekana ni soksi mbili tu, moja ya bluu, nyingine ya kijivu.